Pikapu yangu iko vipande vipande na fedha zimekata: nianzie wapi?

Shikamoo Mzee Fundi,

Majibu yako nayasoma siku zote, leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu nimekwama.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36. Miaka miwili iliyopita nilinunua pikapu, Chevrolet 3100 ya mwaka 1951. Tangu nikiwa mdogo nina picha moja kichwani: pikapu ya zamani iliyoshushwa chini, tairi za nyuma nene, injini inanguruma, ukiegesha watu wanasogea kutazama. Hotrodi. Fedha za kununua iliyokwisha tengenezwa sikuwa nazo, nikasema nitaijenga kwa mikono yangu, polepole.

Siku naileta nyumbani ilikuwa inawaka. Ilitoa moshi, na breki ulikuwa unakanyaga mara tatu ndipo zinashika, lakini ilitembea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wikiendi iliyofuata niliita rafiki zangu watatu tukaifumua yote. Siku mbili tu: kebini chini, bodi la nyuma chini, madigadi, injini, kila kitu. Bolti zote tukazitupia kwenye ndoo moja. Jioni ile nilijiona nimefanya kazi ya maana. Leo naitazama ile ndoo, sijui bolti ipi ilitoka wapi.

Kebini niliipeleka kwa fundi mmoja wa bodi akate kutu kwenye kona za chini na sakafuni. Ilirudi imenyooka, laini, imepigwa praima ya kijivu. Mwezi uliopita mwanangu alikuwa anachezea sumaku. Akaiweka mlangoni, ikashika. Akaiweka kwenye kona ya kebini, ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Nikachukua bisibisi nikachokoa: puti ya unene wa kidole, chini yake karatasi za gazeti zilizokunjwa, na chini ya gazeti kutu ileile. Nilikuwa nimemlipa nusu ya fedha zote zilizobaki.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki mmoja anasema chasisi ya zamani niitupe, ninunue Chevrolet S-10 iliyochoka, ile pikapu ndogo ya miaka ya baadaye, niipandishe kebini juu ya chasisi yake. Mwingine ana injini ya V8, yaani ya silinda 8, ile ya inchi za ujazo 350, imekaa nyuma ya nyumba yake miaka. Anasema nichukue tu, nitamlipa nikipata. Na mimi mwenyewe natamani kukata paa nilishushe inchi 4, maana bila hivyo naona itabaki pikapu ya babu.

Ninachoweza kutenga kila mwezi ni kidogo, na hakitaongezeka hivi karibuni. Kuchomelea nilijifunza mwaka jana. Bati naweza kuunga, lakini si kazi ya kumwonyesha mtu. Mke wangu hajanigombeza hata siku moja. Juzi alisimama mlangoni akauliza swali moja tu, "Baba watoto, hili gari litatoka lini?" Sikuwa na jibu.

Nisaidie, mzee wangu. Chasisi ipi, injini ipi, paa nikate au niache? Au niuze vyuma nipumzike?

Mwenye Ndoo ya Bolti

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa lile gazeti. Nimeitoa karatasi ya namna hiyo kwenye kona za kebini zaidi ya mara moja, na kila mara roho inaniuma kwa ajili ya mwenye gari, kwa sababu aliyeifanya alijua anachofanya. Lakini mshukuru mwanao. Amekufundisha kipimo ambacho kuanzia leo utakitembeza kwenye kila bati unalonunua: sumaku. Ivishe kitambaa chembamba isichubue rangi, ipitishe polepole kwenye kona za kebini, kingo za chini za milango na pande za boneti. Mahali inapolegea pana puti nene.

Vyuma usiuze. Pikapu iliyo vipande haina bei. Anayekuja kuinunua anajua umechoka, atakupa fedha ya skrepa. Isimamishe kwanza kwa magurudumu yake, iwake na isimame ukikanyaga breki. Hapo hata ukiamua kuiuza utaiuza kama gari.

Kosa lako lilikuwa kuifumua yote kwa siku mbili. Kila mwenye kipato kidogo anayejenga gari anaingia mtego huo, kwa sababu kufungua hakugharimu kitu na kunafurahisha. Gharama iko kwenye kurudisha. Gari linalotembea, hata likiwa baya, linakuambia lenyewe kinachohitajika: hapa panavuja, huku panagonga. Lililo kwenye ndoo halisemi chochote, kwa hiyo unabaki kusikiliza rafiki. Ushauri wangu wote, mpaka mwisho wa barua hii, unatoka hapo: katika kila jambo chagua njia inayorudisha pikapu barabarani mapema zaidi, ikiwa mbaya lakini salama. Uzuri utaufanya huku unaiendesha.

Na usidhani kufanya hivyo kutaipunguzia heshima. Hotrodi zilizaliwa na watu wasio na kitu. Vijana wa California, miaka ya 1930 na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walichukua Ford kuukuu kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi, wakang'oa madigadi na kila kizito kisichosaidia mwendo, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Injini ya V8 ya Ford iliyotoka mwaka 1932 waliipenda kwa sababu ilikuwa nguvu nyingi kwa fedha kidogo, na miaka kadhaa baadaye ilijaa kwenye magari yaliyotupwa. Mchezo mzima ulikuwa kuokota vya magari mengine na kuvioanisha kwa akili. Kwa hiyo mfuko wako mdogo unakuweka karibu zaidi na chimbuko lake kuliko yule anayenunua kila kitu kipya.

Sasa chasisi. Rafiki yako hakukudanganya, watu wengi wameweka kebini ya 3100 juu ya S-10. Kwa mpigo mmoja unapata breki za diski mbele, magurudumu ya mbele yanayojitegemea, usukani wenye pawa na propela ya wazi. Sikia na upande wa pili. Pikapu yako ina inchi 116 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. S-10 ya bodi refu ina inchi 117.9, ya bodi fupi 108.3. Hata ile iliyo karibu haikai sawasawa, gurudumu halitakaa katikati ya digadi mpaka usogeze kitu. Upana wa magurudumu ni mdogo pia, yanaonekana yamezama ndani, na dawa yake ni rimu nyingine au ekseli nyingine. Baada ya hapo kila mguu wa kushikilia kebini, rejeta, madigadi, bodi na ubao wa kukanyagia utautengeneza upya, kwa kuchomelea vyuma vinavyobeba uzito wa watu. Wewe umeniambia mwenyewe kwamba kuchomelea kwako si kwa kumwonyesha mtu. Isitoshe, S-10 nzima utainunua leo, kwa fedha za mara moja ambazo huna.

Kubadilisha chasisi ni jibu zuri kwa mtu ambaye chasisi yake imeoza au imepinda. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jua ya kwako iko katika hali gani. Kebini na bodi viko chini, nafasi hii hutaipata tena. Iweke juu ya stendi nne kwenye sakafu iliyo bapa. Chagua tundu la mbele na la nyuma yanayofanana pande zote mbili, teremsha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni. Halafu pima mshazari: mbele kushoto mpaka nyuma kulia, mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Vipimo viwili vikitofautiana milimita 3 au 4, lala usingizi. Vikitofautiana sentimita nzima au zaidi, chasisi imewahi kugongwa na imekwenda upande. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge taratibu urefu wote. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Zidisha macho mahali ambapo vibati viwili vimelalana kwa ribiti, maana maji hukaa humo.

Ikitoka salama, baki nayo. Na hata isingekuwa salama, usingekata kabla ya kuuliza ofisi ya usajili ya unakoishi. Kuna mahali kubadilisha chasisi kunalifanya gari lihesabiwe jingine, na unajikuta na gari zuri lisilo na karatasi.

Injini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za wengi zinapopotelea.

Injini iliyotoka na pikapu yako ni silinda 6, inchi za ujazo 216. Moshi ule uliouona unaniambia imechoka. Ni injini ya heshima, lakini oili yake haisukumwi kwa presha mpaka kwenye beringi za koni rodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kishafti, mhimili mkuu wa injini. Inamwagiwa na kuchotwa kwa vijiko vidogo wakati kishafti kinazunguka, na beringi zenyewe ni madini laini yaliyomiminwa ndani ya rodi. Kwa mwendo wa taratibu wa kubeba mizigo haina neno. Ukiipeleka mbio ndefu barabara kuu inajimaliza.

Sasa ile 350 ya bure. Tuseme ni nzima. Kuiweka unahitaji miguu mipya ya injini. Ekzosi ya kushoto inagombana na boksi la usukani. Rejeta yako haitoshi. Halafu jambo ambalo rafiki yako huenda hakulifikiria: kwenye 3100 ya mwaka 1951 propela imefungwa ndani ya bomba, na bomba hilo limeungana na giaboksi mbele na difu nyuma kama kitu kimoja. Ukibadilisha giaboksi, propela haifai. Ukibadilisha propela, difu haifai. Kwa hiyo injini moja ya bure inakununulisha giaboksi, propela, difu na rejeta, na kwa nguvu hiyo breki mpya si hiari tena. Vyote hivyo kabla gari halijasogea hata hatua moja. Mwambie rafiki yako asante, kwa upendo, na usiilete nyumbani. Ikiwa uani kwako itakuita kila siku.

Unachotafuta ni 235, ndugu mkubwa wa injini yako. Kuanzia mwaka 1954 zote zilitoka na oili ya presha kamili na beringi za kubadilishika. Inafuata umbo la ile uliyonayo, na ukiwa mwangalifu inakubali giaboksi yako, klachi yako na ile propela ya kwenye bomba. Ya 1954 ndiyo isiyosumbua. Kwenye zile za baadaye pampu ya maji imekaa juu zaidi, feni inatafuta rejeta. Watu hufunga pampu ya zamani kwa bamba la kuunganishia, na sehemu ya mbele ya kushikilia injini inahitaji kurekebishwa kidogo. Hayo ni mambo ya Jumamosi mbili.

Najua moyo wako unataka V8. Nisikilize. Corvette ya kwanza kabisa, ya mwaka 1953, ilitoka kiwandani na injini hiyo ya 235, imefungwa kabureta 3, nguvu farasi 150. Unaweza kuipasua manifodi ya ekzosi katikati, silinda 3 zitoke kwa bomba lake na 3 nyingine kwa bomba lake, ukafunga kabureta mbili juu. Ile sauti, mwanangu, sijui niiandikeje. Si ngurumo ya V8. Ni kali zaidi, ina mkwaruzo, na ukiachia mafuta kwenye mteremko inapasuka pasuka nyuma kama mahindi kwenye kikaango. Ukiiwasha mahali penye V8 kumi, watu wataacha kumi waje kwako.

Kabla hujalipia injini yoyote, zungusha kishafti kwa spana, kizunguke mzunguko mzima bila kugoma. Toa plagi zote uziweke mstari, kila moja kwenye nafasi ya silinda yake. Yenye oili au iliyo tofauti na wenzake inakuonyesha silinda mgonjwa. Pima kompresheni. Vuta kijiti cha oili, ukiona rangi ya maziwa, aga uondoke.

Difu uliyonayo ina gia ya 4.11, yaani propela inazunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo injini itapiga kelele ukitaka kukimbia. Vumilia kwa sasa. Siku fedha zikipatikana utabadilisha giaboksi, propela na difu pamoja, siku moja, kwa mpango. Difu yoyote utakayoitafuta, ipime kutoka uso wa kufungia rimu upande mmoja mpaka uso wa upande wa pili, uilinganishe na ya kwako kabla ya kuuliza bei.

Nije kwenye breki, na hapa sitakupa nafuu. Kila kitu kwenye pikapu hii kinaweza kuwa cha kuokota isipokuwa vinavyoisimamisha. Ulisema zilikuwa zinashika kwa kukanyaga mara tatu. Master silinda yako, ile pampu kuu ya breki, iko chini ya sakafu, na ina chumba kimoja kinachohudumia magurudumu yote manne. Paipu moja tu ikipasuka, huna breki kabisa. Weka ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Paipu za chuma zote mpya, hozi za mpira zote mpya. Hata zile zinazoonekana nzuri, kwa ndani huvimba zikaziba.

Diski za mbele zinafungika kwenye ekseli yako bila kubadilisha chasisi, na dramu za nyuma zinabaki. Ila ujue jambo ambalo limewachanganya wengi. Kwa kuwa master silinda iko chini kuliko kalipa (kile kinachobana diski), mafuta ya breki hurudi taratibu kwa uzito wake mwenyewe gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi pedali inazama. Dawa yake ni vali ndogo ya kubakiza presha: ya psi 2 (psi ni kipimo cha presha) kwenye laini ya diski, ya psi 10 kwenye laini ya dramu. Ukizigeuza, diski zitabana muda wote mpaka zitoe moshi. Na kwa sababu pikapu tupu ni nyepesi nyuma, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema ukikanyaga ghafla na mkia unakupita. Weka vali ya kurekebisha presha ya nyuma, uipime mahali palipo wazi pasipo watu, ukianza na mwendo mdogo.

Pamoja na breki, angalia kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele huzungukia ukikata kona. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, badilisha kabla hujafikiria kuishusha pikapu. Kuishusha nako usitumie moto. Kuna wanaopasha springi zilale. Chuma kilichopashwa hivyo kimepoteza uspringi wake na siku moja kitakatika. Punguza baadhi ya majani, yaani yale mabamba ya springi yaliyolalana, lile refu la juu usiliguse, na usiweke vitalu vya aina yoyote kwenye springi za mbele hata ukiona mwenzako amefanya. Inchi 2 au 3 zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo ekseli ya nyuma inaanza kugonga chasisi, na hiyo ni kazi nyingine ya kukata.

Paa. Usikate. Kioo hakikukatazi, maana cha mbele kwenye pikapu yako ni vipande viwili bapa, na kioo bapa cha tabaka mbili kinakatika. Vingine kama ni vya kioo kilichoimarishwa kwa joto vitasambaratika ukijaribu kuvikata. Kinachokukataza ni kwamba ukishusha nguzo, paa halikutani tena na nguzo zake, kwa sababu zimelala. Itabidi upasue paa lenyewe, uongeze bati, uchomelee mita na mita za bati jembamba bila kulipindisha. Mafundi wenye miaka ya kazi wanalifanya kwa hofu. Wewe fanya mazoezi yako kwenye zile kona zilizowekwa gazeti, ambazo zitafichika hata zisipopendeza sana.

Na kona hizo utazifanya hivi. Kabla ya kukata chochote, funga milango, hakikisha nafasi pembeni ni sawa juu na chini, halafu chomelea mabomba ndani ya kebini, kutoka nguzo hadi nguzo. Ukikata bila hayo kebini inalegea, na mlango hautafunga tena maisha. Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Bati jipya liwe la unene uleule, karibu milimita 1, na waya wa mashine uwe wa milimita 0.6. Piga nukta moja, ruka upande wa pili, piga nyingine, rudi katikati. Gusa kwa kiganja. Likiwa la moto kiasi cha kuondoa mkono, ngoja. Anayepiga mstari mrefu kwa mkupuo anashangaa kwa nini bati limejikunja kama chapati.

Tafadhali sana: usisafishe bati kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki halafu ukachomelea. Nyingine zina klorini, na zikikutana na ule mwanga na joto zinazaa fosijini, gesi iliyowahi kutumika kuua watu vitani. Tumia grenda na kitambaa kikavu. Na kama tangi la mafuta bado liko ndani ya kebini nyuma ya kiti, kama walivyoyaweka kwenye pikapu hizi, litoe nje uani kabla ya cheche ya kwanza. Wala usilirudishe pale. Lihamishie chini ya bodi la nyuma, katikati ya mbavu mbili za chasisi. Mimi sikai na watoto ndani ya kebini yenye tangi mgongoni kwao. Mikanda nayo, iweke, na kila bolti yake ipite kwenye bamba nene upande wa chini. Bati la sakafu peke yake litachanika.

Waya ni chache kwenye gari hili. Badilisha kutoka volti 6 kwenda 12 ufunge alternata, weka boksi la fyuzi, badilisha balbu zote. Rangi isubiri. Hiyo praima ya kijivu isikae nje kwenye mvua ukidhani inalinda, kwani praima ya kawaida inanyonya maji na kutu inaendelea chini kimyakimya. Ya epoksi ndiyo inayoziba. Mahali ambapo rangi ya zamani bado imeshika, iache ilivyo. Miaka yote hiyo ya jua imeifanya kazi ambayo hakuna fundi wa rangi anayeweza kuiiga. Mbao za bodi la nyuma chonga mwenyewe, zipake mafuta, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watoto wanaweza kushika brashi.

Kuhusu mama watoto. Hajakugombeza, basi usimlipe kwa kumficha. Kaa naye na daftari, muonyeshe kiasi cha kila mwezi kinakwenda wapi: miezi ya kwanza breki na mbele yote, halafu injini, halafu kona za kebini, halafu waya. Robo ya kila mwezi iweke kando isiguswe, kwa sababu kuna vitu ambavyo bado hujaviona na vitakuja. Usimpe tarehe ya gari kwisha, hakuna anayeijua. Mpe tarehe ambayo atakaa kiti cha pembeni mkazunguke mtaa, pikapu ikiwa na rangi tatu na bila boneti.

Jumamosi hii mwaga ile ndoo kwenye turubai. Tenganisha kwa unene kwanza, halafu kwa urefu, tia kwenye makopo ya mfuniko, andika juu. Zenye uzi ulioliwa tupa, na za breki, usukani na springi usizirudishe kabisa, nunua mpya za daraja la kazi hiyo. Waite rafiki zako walewale watatu, walikuwepo wakati wa kufungua. Mkimaliza bolti, shikeni timazi na chaki mpime chasisi, kisha niandikie ile mishazari miwili imepishana milimita ngapi.

Mzee Fundi